Hotipoti ya Mama Shida

Hapa Somanda, mjini Bariadi, ukitaka kujua kama mwezi wa Idi umeandama, usihangaike na redio. Muulize Lukresia muuza dagaa, Mkatoliki tangu ubatizo, ambaye hajawahi kufunga Ramadhani hata siku moja. Siku za mwisho za mfungo hutoka uani jioni, mikono kiunoni, akaangalia magharibi juu ya mabati ya jirani. Akiuona huo mwezi kabla ya wenyewe, simu yake haipumziki. Huwatumia salamu wateja wake wote Waislamu, kuanzia mwenye duka la vitenge mpaka yule dereva wa lori la pamba anayepita kwa nadra. Hajui kufupisha. Akishaandika "Idi njema" huongeza habari za afya, za mvua na za watoto, na kwa kuwa ni Msukuma aliyelelewa vizuri, huuliza na habari za ng'ombe hata kwa mtu asiye na ng'ombe. Nilimtania siku moja kwamba salamu zake zinataka msomaji aliyekula akashiba. Akanijibu kwamba salamu fupi ni za watu waliogombana.

Mwaka huu mwezi wa Idi ulipoandama, Lukresia alikuwa ndani anachambua dagaa, na hakumtumia mtu salamu. Mimi ni mpangaji wake, nakaa chumba cha uani, na sababu naijua kwa kuwa alinieleza mwenyewe siku mzigo ulipomzidi. Simtetei. Nikifikiria aliyoyafanya namkasirikia kidogo, kisha namkumbuka alivyokuwa ananisimulia huku anachezea ncha ya khanga, hasira inaisha.

Alizaliwa Busega, katika kijiji kisicho mbali na Nyashimo, kwa watu wa kuvua na kulima. Mama yake alikuwa mwanika dagaa Lamadi, na Lukresia alikua akinuka dagaa, kama anavyosema mwenyewe bila aibu. Aliletwa Bariadi na mumewe Maige, fundi uashi, ambaye sasa ni marehemu. Wakapanga chumba kwenye nyumba moja na Tatu na mume wake Ndalahwa, fundi baiskeli. Hao walikuwa Wasukuma wenzao, ila Waislamu tangu kwa babu. Wake hao wawili walijifungua watoto wa kike masika moja, Elina na Shida, na tangu hapo hakuna aliyewaita kwa majina yao. Wakawa Mama Elina na Mama Shida. Baadaye kila familia ilijenga, na walijenga wakiwa wamegawana ukuta, kama watu walioogopa kupotezana.

Krismasi yao ya kwanza pamoja, Lukresia bado bi harusi, alichinja kuku, akapika, akapakua sahani nzuri na kuipeleka kwa Tatu. Tatu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni Ndalahwa alikuja na sahani ileile, chakula hakijaguswa, ameifunika kwa kitambaa safi. Hakuwa na uso wa kulaumu. Alieleza taratibu kwamba nyumbani kwake hawali nyama ambayo hakuichinja Mwislamu, na kwamba kuitupa ameona ni dhambi nyingine.

"Shemeji," alisema, "sikukuu ijayo usituletee sahani. Niite kwanza."

Lukresia aliona aibu, lakini ni aibu ya kucheka baadaye, na walikuja kuicheka kweli. Tangu mwaka huo, kila alfajiri ya Krismasi na ya Pasaka Ndalahwa alipiga hodi kwenye ua wa Lukresia. Alinoa kisu, akamlaza kuku kuelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja. Halafu alikunywa chai na maandazi, akamtania mwenye nyumba kwamba Wakristo bila yeye wangekula maharage. Mchana wote walikula chungu kimoja. Kisu hicho alikiacha kwa Lukresia, kimefungwa kwenye kipande cha khanga juu ya kabati la vyombo, kwa masharti kwamba kisikate kitunguu, kisikate mkate, na kisikate hasa kile wanachokijua wenyewe, yaani kitimoto. Kinoo cha kukinolea alirudi nacho kwake.

Na kulikuwa na hotipoti. Ni kubwa, ya maua ya bluu, na ni ya Mama Shida. Siku ya Idi ilivuka ukuta ikiwa na pilau, ikakaa kwa Lukresia mpaka Pasaka au Krismasi, ikarudi na pilau. Haikuwahi kurudi tupu, miaka yote hiyo. Watoto wa nyumba hizi walijua dini mbili kwa hotipoti hiyo kabla ya kujua kwa misa na kwa madrasa.

Mwaka jana, wakati wa ununuzi wa pamba, Ndalahwa aliugua wiki chache akafariki. Tatu alikaa eda. Lukresia alimhudumia kama dada yake wa tumbo moja, na hilo lazima niliseme, maana baadaye nitasema mengine. Asubuhi alipeleka uji kabla ya kwenda sokoni, jioni alikaa naye hata bila maneno. Eda ilipokwisha, Tatu hakutoka. Shida ameolewa Lamadi, nyumba ilibaki na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anadokoa chakula kama anayemfanyia mtu mwingine hisani. Lukresia akaapa kwamba Krismasi atamlisha mpaka acheke.

Krismasi hiyo Elina alikuwa anakuja na mumewe na wakwe kutoka Nyashimo, mara ya kwanza wakwe kula kwake. Asubuhi majogoo wawili walikuwa wamefungwa miguu mlangoni mwa jiko, maji yanachemka, vitunguu vimekatwa. Lukresia akaketi kwenye kigoda akaangalia mlango wa ua. Alikaa hivyo muda mzuri tu. Ndipo ilipomjia kwamba anamsubiri Ndalahwa.

Akampigia simu Salu, mtoto wa kaka yake Ndalahwa, mwendesha bodaboda. Salu alikuwa Lamadi, amebeba abiria, atarudi mchana. Simu haijapoa, Elina akapiga kusema wameshapanda gari.

Msikiti hauko mbali na kwetu. Angeweza kwenda kwa miguu akarudi na mtu. Angeweza kumuuliza mwenye duka la vitenge. Aliniambia kwamba alifika mpaka kwenye mlango wa Tatu ili amuulize amwite nani, akamsikia anakohoa ndani, akasita. Alifikiri, nitamkumbushaje mjane, siku ya sikukuu yangu, kwamba mchinjaji amekufa? Akamwonea huruma, akarudi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba alikuwa hajapiga pasi nguo za misa. Alizitaja zote mbili, na mimi nazitaja zote mbili.

Akakitoa kisu juu ya kabati. Alijiambia kwamba kisu ni kilekile na ua ni uleule, kana kwamba dua inabaki kwenye mpini. Akamlaza jogoo upande aliokuwa analazwa. Alitaka kusema maneno aliyoyasikia kwa Ndalahwa miaka yote, akaanza, ulimi ukagoma, akaona kama anachukua kitu cha watu. Akafanya ishara ya msalaba, akakata. Kisu kilikuwa hakijanolewa tangu Pasaka. Jogoo wa kwanza alihangaika sana, na wa pili alimwona mwenzake.

Bado alikuwa na nafasi. Angeweza kumpelekea Tatu wali mtupu na kachumbari, au kumpelekea soda na kumweleza ukweli, na Tatu angeelewa. Lakini alipofungua hotipoti aliona kwamba ikienda bila nyama, Tatu atajua mara moja ni kwa sababu ya kifo. Akapakua pilau, akaweka paja, akaweka na kidari. Juu kabisa akaweka firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya Ndalahwa. Akaivusha ukuta kabla wakwe hawajafika, na salamu zake ndefu juu yake.

Kesho yake Tatu alikuja. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nyumbani kwa matembezi tangu eda iishe, amevaa baibui lililopigwa pasi. Alikaa kwenye mkeka akasema amekula mpaka akajishangaa, na kwamba alipoiona firigisi alilia, kisha akaila. Halafu akauliza nani alichinja. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka jina la kuombea dua.

"Kijana mmoja wa pale msikitini," Lukresia alisema.

Tatu akamshika mikono. "Nilijua Ndalahwa akiondoka, na mimi nimeondoka kwenye sikukuu yako. Kumbe ulihangaika ukanitafutia mtu. Wabeja, mayu."

Lukresia anasema angepigwa kofi ingekuwa afadhali. Uongo aliutoa haraka, bila kuupanga, kama mtu anavyofukuza nzi. Hiyo asante ya Kisukuma ndiyo iliyombana. Alikwenda nayo sokoni, akalala nayo, akaamka nayo. Alikuwa amemlisha rafiki yake kitu asichokula, mjane, kwenye chombo chake mwenyewe, kisha akashukuriwa kwa kumhurumia. Akaanza kupita njia ya nyuma asikutane naye. Wakikutana, alimjazia dagaa kwenye ungo kupita kiasi, na Tatu akashukuru tena. Alikwenda kuungama. Padre alimpa malipizi, akamwambia kwamba aliyekosewa naye anakaa jirani tu. Akarudi nyumbani akapita njia ya nyuma.

Ingeweza kuendelea hivyo mpaka wote wazeeke. Ila siku chache kabla ya mfungo, Tatu alimwita kwake, akafungua sanduku, akatoa kofia ya Ndalahwa. Si ile ya kazini iliyojaa grisi. Ni ile ya mkono, ya kwendea Idi, iliyofumwa na mama yake marehemu. Akasema amefikiri sana, Shida hana kaka, na kofia si ya kukaa sandukuni. Anataka apewe yule kijana aliyechinja Krismasi, awe anaivaa akisali, iwe sadaka kwa mzee. Akamwomba Lukresia amlete.

Lukresia aliitika. Hapo ndipo ninapomkasirikia zaidi, maana kutoka hapo hakwenda kusema kweli, alikwenda kwenye kijiwe cha bodaboda. Alimweleza Salu yote, akamwomba akubali kwamba ni yeye aliyechinja. Salu ni kijana wa utani, lakini siku hiyo hakutania. Alizima pikipiki kwanza.

"Mama, hiyo ni kofia ya baba yangu mdogo," alisema. "Niivae nikasali nayo huku najua? Hapana. Hilo siwezi kulibeba."

Akampakia nyuma, akamrudisha nyumbani. Alimshusha mlangoni kwa Tatu, si mlangoni kwake. Sijui kama alifanya makusudi.

Tatu alikuwa uani anapepeta mchele wa futari. Kofia ilikuwa kwenye kiti, imekunjwa ndani ya leso. Lukresia hakukaa.

"Mama Shida, hakuna kijana. Nilichinja mwenyewe."

Ungo ulisimama. Tatu akauliza kama ni majogoo wote wawili. Wote wawili. Akauliza kama na ile firigisi. Na ile firigisi. Akakaa anaangalia mchele, kisha akasema kwamba kwa Mungu yeye hataulizwa, maana hakujua, na kuulizwa kutakuwa kwa aliyejua. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Lukresia akaanza kueleza habari za Salu kuwa Lamadi, za wakwe kuwa njiani, za kikohozi alichokisikia mlangoni na huruma iliyomrudisha.

"Ulifika mpaka hapa mlangoni," Tatu alisema.

"Nilifika. Niliogopa kukukumbusha. Na ungeanza kuhangaika kutafuta mwanaume wa kuchinja."

"Mwanaume wa nini? Ndalahwa alipokuwa anakwenda Mwanza kununua vipuri, kuku wangu walikuwa wanajichinja? Mimi ninachinja, Mama Elina. Nimechinja tangu usichana."

Lukresia aliangalia ule ukuta. Miaka yote hiyo ukuta mmoja, mwezi wa watu anauona kabla yao, salamu anazijua mpaka za ng'ombe, na jambo hilo moja hakuwahi kuliuliza. Alikuwa amemwona Ndalahwa na kisu, akaamini kisu ni cha wanaume.

"Ulinionea huruma," Tatu alisema, "ukaniacha nje."

Akachukua kofia, akaingia ndani. Mlango aliurudishia tu, hakuufunga kwa komeo, lakini Lukresia hakuthubutu kuusukuma.

Mfungo wote haukuwa na maneno. Miaka mingine Lukresia hupeleka viazi vitamu vya futari, mara nyingine anakaa hukohuko mpaka isha. Mwaka huu jioni ikifika aliisikia adhana, akasikia kijiko cha Tatu kikigonga bakuli upande wa pili wa ukuta, kijiko kimoja, akatazama vyungu vyake. Alinunua viazi mara kadhaa. Tulivila sisi. Aliniuliza kama anaweza kutuma ujumbe wa simu, nikamwambia aandike. Aliandika mara nyingi akafuta, mtu ambaye hajawahi kukosa la kuandika.

Ndiyo maana Idi ilipofika hakumsalimu yeyote. Alisema mdomo wake haustahili.

Mchana wa Idi tukasikia hodi mlangoni. Lukresia alipofika hakukuwa na mtu. Kwenye ngazi palikuwa na hotipoti ya maua ya bluu, ya moto. Ndani kulikuwa na pilau kama ya miaka yote, nyama imejaa, na kachumbari pembeni kwenye bakuli. Tatu alikuwa ameipika peke yake, akaileta mwenyewe, akaondoka. Lukresia aliifunga, akaifungua, akaifunga. Alisema ingekuwa afadhali asingeletewa kitu, maana hapo wangekuwa sawa. Sasa mwenzake ametimiza la kwake, na lake ndilo lililooza. Hakula punje. Mimi nilikula, pilau haikuwa na kosa. Lakini nilikula chumbani kwangu, asinione.

Hotipoti ikaoshwa, ikakaa mezani. Kila nilipopita naiona, na yeye nadhani alikuwa anaiona hata akiwa sokoni. Irudi na nini? Akipika yeye, Tatu hataigusa, na atakuwa na haki. Ikirudi tupu, ndiyo mwisho wa miaka yote ile. Kwa wiki kadhaa Lukresia alikonda kwa ajili ya chombo cha kuwekea wali.

Alfajiri ya Pasaka niliamka kwa kelele za kuku. Nikatoka. Lukresia alikuwa anavuka kwenda kwa Tatu, nywele hazijachanwa, nguo za misa hajazigusa, jogoo kwapani na mkononi kile kipande cha khanga kilichofunga kisu. Jikoni kwake moto ulikuwa haujawashwa. Alipiga hodi. Akapiga tena, na kutoka kwetu nilimwona anahamisha jogoo kutoka kwapa hili kwenda lile.

Tatu alifungua akiwa na mtandio wa sala. Nilisubiri mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, na habari za afya na za Shida na za mvua. Hazikuja.

"Nimekuja kukuita kwanza," Lukresia alisema.

Tatu alimtazama yeye, akamtazama jogoo. Akanyoosha mkono, akapokea kile kifurushi, akakifungua. Muda mrefu alikiangalia kile kisu, mpini uliolainika kwa mkono wa mumewe. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Ni butu," alisema. "Krismasi kilikuwa hivihivi?"

Lukresia akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Tatu akaingia ndani, akatoka na kinoo cha Ndalahwa na kopo la maji. Akaketi kwenye ngazi, akaanza kunoa. Alinoa taratibu, anamwagia maji, anajaribu kwa kidole, anarudia. Hakumkaribisha mwenzake kukaa. Lukresia alisimama mbele yake na jogoo wake mpaka jua likatoka, na kengele ya kwanza ya misa ikapita.

Hatimaye Tatu akasimama, akaelekea kibla.

"Mshike vizuri," alisema, "asije akateseka kama wale."

Lukresia akapiga magoti, akamshika.